Bunduki ya Hewa na Nishati Iliyofungwa Mtungini

Mwishoni mwa mwezi wa Agosti 1803, Kapteni Meriwether Lewis wa jeshi la Marekani aliondoka mji wa Pittsburgh kwa mashua, akishuka na mto Ohio. Alikuwa anaanza safari ndefu ya uchunguzi iliyomfikisha baadaye hadi bahari ya Pasifiki. Alipofika kwenye kisiwa kilicho umbali wa maili 3 tu kutoka mjini, watu waliokuwapo walimwomba awaonyeshe bunduki ya ajabu aliyokuwa ameinunua. Bunduki hiyo haikutumia baruti, bali hewa. Lewis aliijaza, akapiga mara saba katika umbali wa yadi 55, na akalenga vizuri. Kisha bwana mmoja akaishika. Bwana huyo hakujua namna ya kuitumia, nayo ikamfyatukia mikononi. Risasi ilipenya kofia ya mwanamke aliyekuwa amesimama yadi 40 hivi kutoka hapo, ikamchana kwenye panja. Mwanamke akaanguka, damu ikamtoka kwa wingi, na wote wakadhani amekufa. Baada ya dakika moja alizinduka, na jeraha likaonekana kuwa si la hatari. Habari hizi aliziandika Lewis mwenyewe katika shajara yake.

Kisa hiki kimepita miaka zaidi ya 200, lakini kosa lililokisababisha halijapita. Hewa hatuioni, hatuinunui, na twaivuta mchana na usiku bila kuifikiria. Kwa sababu hiyo mtu akisikia maneno "bunduki ya hewa" hudhani kwamba ni kitu cha kuchezea watoto. Katika makala hii tutachunguza aina moja ya bunduki hizo, yaani ile inayobeba hewa iliyoshindiliwa katika mtungi wake yenyewe. Tutaona, kwa hesabu zisizozidi kiwango cha shule ya sekondari, kwamba mwenye bunduki hiyo anamiliki vitu viwili vya hatari kwa pamoja: silaha, na chombo kilichojaa nishati. Kanuni zote za kuitunza na kuitumia zinatokana na ukweli huo mmoja.

Aina za bunduki za hewa

Bunduki za hewa zimegawanyika katika mafungu kadhaa. Katika fungu la kwanza, mtumiaji hukunja mtutu au huvuta mkono wa chuma ili kubana springi yenye nguvu. Anapofyatua, springi husukuma pistoni, na pistoni hushindilia hewa nyuma ya risasi. Katika fungu la pili, msukumo hutoka katika kichupa cha gesi ya kaboni dayoksaidi. Katika fungu la tatu, mtumiaji hupampu hewa kwa mkono wa bunduki yenyewe kabla ya kila risasi. Fungu la nne ndilo tunalolishughulikia hapa. Hewa hushindiliwa mapema katika mtungi uliofungwa chini ya mtutu au ndani ya kitako, na mtungi ukishajazwa mara moja hutosha kwa risasi nyingi.

Aina hii ya nne hudhaniwa kuwa uvumbuzi wa siku hizi, lakini sivyo. Karibu na mwaka 1780 jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki iliyobuniwa na fundi Bartholomäus Girandoni. Kitako chake kilikuwa mtungi wa chuma uliofunguliwa kwa kuzungushwa, na kandokando ya mtutu palikuwa na bomba lililobeba risasi 20 hivi. Kanieneo ya hewa yake ilikuwa takriban mara 55 ya ile ya hewa ituzungukayo. Ili kuujaza mtungi mmoja, askari alihitaji kupampu kwa mkono mara 1,500 hivi. Silaha hiyo haikutoa moshi, ilipiga kwa haraka kuliko bunduki za baruti za zama hizo, na haikuharibiwa na mvua. Hata hivyo ilikuwa vigumu kuitengeneza na kuitunza. Mitungi ilivuja, na askari walihitaji mafunzo ya pekee. Mwanzoni mwa karne ya 19 jeshi liliiacha. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba bunduki ya Lewis ilikuwa ya namna hiyohiyo.

Leo mafundi wana vyuma imara zaidi, pete za mpira zisizovujisha, na pampu bora. Bunduki za sasa hujazwa hadi kanieneo ya mara 200, na nyingine hadi mara 300, ya kanieneo ya hewa ituzungukayo. Hutumika kwa kulenga shabaha, na katika nchi kama Uingereza hutumika pia kwa kuwinda sungura na kuua panya katika mashamba.

Hewa ina uzito na ina kani

Kwanza yatupasa kukubaliana juu ya vipimo. Kanieneo ni kani inayokandamiza kila kipande cha eneo. Hewa ituzungukayo hukandamiza kila sentimeta mraba kwa kani ya nyutoni 10 hivi, yaani karibu sawa na uzito wa kilo moja. Kiasi hicho tutakiita angahewa 1. Geji za mitungi mara nyingi huandikwa "bar", na kwa hesabu zetu bar 1 ni sawa na angahewa 1.

Mwaka 1662 Robert Boyle, mwanasayansi aliyezaliwa Ireland, alitangaza sheria ambayo kila mwanafunzi wa fizikia huifahamu: kwa kiasi fulani cha gesi, halijoto isipobadilika, kanieneo ikizidishwa kwa ujazo hutoa jibu lilelile daima. Tuitumie sheria hiyo. Tuchukue mtungi wa bunduki wenye ujazo wa sentimeta za ujazo 200, yaani lita 0.2, uliojazwa hadi angahewa 200. Hewa hiyo ikiachiwa huru ingechukua nafasi ya

200 × 0.2 = lita 40.

Lita moja ya hewa ya kawaida ina tungamo ya gramu 1.2 hivi. Kwa hiyo ndani ya mtungi huo mdogo mna gramu 48 za hewa, na bunduki iliyojazwa huwa nzito kuliko ilipokuwa tupu. Mwenye mizani nyepesi anaweza kuuona ukweli huo kwa macho yake. (Yafaa ikumbukwe kwamba sheria ya Boyle si kamilifu katika kanieneo kubwa sana. Inapofika angahewa 300, mtungi hubeba hewa pungufu ya ile ya hesabu kwa karibu sehemu moja ya kumi.)

Sasa tutazame kani. Ikiwa kipenyo cha ndani cha mtungi huo ni milimeta 25, eneo la kifuniko chake ni sentimeta mraba 4.9. Kila sentimeta mraba inasukumwa kwa kani ya nyutoni 2,000. Kwa hiyo kifuniko kizima kinasukumwa kwa kani ya

2,000 × 4.9 = nyutoni 9,800,

ambayo ni karibu sawa na uzito wa tani moja. Kifuniko kidogo chenye upana wa sarafu kinabeba uzito wa gari dogo. Hakibebi kwa dakika moja tu, bali usiku na mchana, miezi yote ambayo bunduki imewekwa kabatini ikiwa imejaa.

Bunduki inavyofanya kazi

Mtungi umefungwa kwa vali. Nyuma ya vali kuna nyundo ndogo ya chuma inayosukumwa na springi. Mtumiaji anapovuta mkono wa bunduki, springi hubanwa na risasi huingizwa katika mtutu. Anapovuta kifyatulio, nyundo huruka na kuigonga vali. Vali hufunguka kwa muda mfupi sana, hewa kidogo hupita, halafu kanieneo ya mtungi pamoja na springi ndogo ya vali huifunga tena. Hewa iliyopita hutanuka nyuma ya risasi na kuisukuma hadi nje ya mtutu.

Tupime kazi hiyo. Risasi ya kipenyo cha milimeta 5.5 huwa na tungamo ya gramu 1 hivi. Tuseme inatoka mtutuni ikiwa na nishati mwendo ya jouli 16. Kwa kanuni ya nishati mwendo, yaani nusu ya tungamo ikizidishwa kwa mraba wa kasi, tunapata kasi ya meta 179 kwa sekunde. Ikiwa mtutu una urefu wa nusu meta, wastani wa kani iliyoisukuma risasi ni

16 ÷ 0.5 = nyutoni 32.

Mwanafunzi makini atauliza: mbona kani hii ni ndogo hivyo, wakati hewa ya mtungini ina kanieneo kubwa mno? Jibu ni kwamba vali haikukaa wazi. Ilitoa kiasi kidogo tu cha hewa, nacho kilipoteza kanieneo kadiri kilivyotanuka. Ndiyo maana mtungi mmoja hutosha risasi nyingi. Mtungi wetu ukitumiwa kutoka angahewa 200 hadi 120, hutoa lita 80 × 0.2 = 16 za hewa huru. Iwapo kila risasi hutumia lita 0.4, mmiliki atapata risasi 40 kabla ya kujaza tena.

Hapa pana jambo ambalo huwashangaza wengi. Mtu angetarajia kwamba risasi ya kwanza, mtungi ukiwa umejaa kabisa, ndiyo itakayokwenda kwa kasi kuliko zote. Katika bunduki nyingi zisizo na kirekebisha kanieneo, sivyo ilivyo. Kanieneo ikiwa kubwa sana, huibana vali kwa nguvu, hata nyundo haiwezi kuifungua vya kutosha, na hewa inayopita huwa kidogo. Kadiri kanieneo inavyopungua, vali hufunguka zaidi na kasi ya risasi huongezeka. Baadaye kanieneo hupungua mno, na kasi huanza kushuka. Mchoro wa kasi dhidi ya idadi ya risasi huwa na umbo la kilima: hupanda, hukaa karibu sawa kwa kitambo, kisha huteremka. Mlengaji mwenye maarifa huijua sehemu ile ya juu ya kilima katika bunduki yake, akajaza na kutumia ndani ya mipaka yake. Kwa hiyo kuujaza mtungi kupita kipimo si hatari tu, bali pia hakumpi mtumiaji nguvu anayoitafuta.

Baadhi ya bunduki zina kirekebisha kanieneo kati ya mtungi na vali. Kifaa hicho huipa vali hewa yenye kanieneo isiyobadilika mpaka mtungi ukaribie kuisha. Jambo hilo lina maana kubwa katika mashindano. Mchezo wa bunduki ya hewa ya meta 10 uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1984 mjini Los Angeles. Katika mchezo huo doa la alama 10 lina kipenyo cha nusu milimeta tu, hivyo badiliko dogo la kasi laweza kumnyima mtu ushindi. Bunduki ya mtungi ina faida nyingine pia: haina pistoni nzito inayoruka mbele kabla risasi haijatoka. Kwa bunduki ya kilo 3.5 na risasi tuliyoitaja, kanuni ya kuhifadhiwa kwa mwendo huonyesha kwamba risasi yenyewe huirudisha nyuma bunduki kwa kasi ya sentimeta 5 tu kwa sekunde.

Nishati iliyolala

Turudi kwenye mtungi. Risasi moja ina jouli 16. Je, mtungi mzima una kiasi gani? Mtungi wetu ukipasuka ghafula, hewa yake ikatanuka bila kupata nafasi ya kupokea joto kutoka nje, hutoa kazi ya karibu jouli 7,000. Gunia la kilo 50 huhitaji jouli 500 ili kuinuliwa meta 1. Kwa hiyo nishati iliyolala katika mtungi unaoshikika kwa mkono mmoja ingeweza kuliinua gunia hilo meta 14, yaani juu ya paa la nyumba ya ghorofa tatu. Mtungi unapopasuka, nishati hiyo haiinui gunia, bali hurusha vipande vya chuma.

Kwa sababu hiyo mtungi haufai kutobolewa, kuchomelewa, wala kukatwa ili kufanyiwa marekebisho ya nyumbani. Mkwaruzo mkubwa, bonde lililotokana na kuanguka, au kutu, hupunguza unene wa chuma mahali hapo, na mahali palipo pembamba ndipo panapobeba mkazo mkubwa kuliko pengine. Mitungi ina muda wake wa matumizi uliowekwa na mtengenezaji. Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Kulenga Shabaha, ISSF, huwataka wanamichezo wenyewe wahakikishe kuwa mitungi yao haijapita tarehe hiyo. Mitungi mikubwa ya kujazia, kama ile ya wazamiaji, nayo hupaswa kukaguliwa na kupimwa na wataalamu kila baada ya muda maalumu.

Hali ya hewa ya joto nayo ina hesabu yake. Ujazo usipobadilika, kanieneo ya gesi huongezeka sambamba na halijoto inayopimwa kwa kelvini. Mtungi uliojazwa hadi angahewa 200 asubuhi katika halijoto ya 27°C (kelvini 300), kisha ukaachwa ndani ya gari lililofungwa juani hadi ukafikia 57°C (kelvini 330), utakuwa na kanieneo ya

200 × 330 ÷ 300 = angahewa 220.

Aliyejaza mpaka mwisho wa kipimo atakuwa amevuka mpaka bila kugusa pampu.

Mafuta, oksijeni na moto usiotarajiwa

Kila aliyewahi kupampu baiskeli anajua kuwa pampu hupata moto. Hewa inaposhindiliwa haraka, kazi inayofanywa juu yake hugeuka joto. Kama hewa ya 27°C ingeshindiliwa ghafula kutoka angahewa 1 hadi 200 pasipo kupoteza joto lolote, hesabu inaonyesha kwamba ingefikia zaidi ya 1,000°C. Kwa kweli sehemu kubwa ya joto hilo hupotea katika chuma, lakini kinachobaki chaweza kutosha kuwasha mafuta. Hii ndiyo kanuni ya injini ya dizeli, ambayo haina plagi za kuwashia: mafuta hunyunyizwa katika hewa iliyoshindiliwa, nayo huwaka yenyewe.

Mtu anayetia mafuta ya mashine au grisi ya kawaida katika vali ya kujazia ili "kuilainisha" anatengeneza injini ya dizeli isiyo na mahali pa kutolea moshi. Pete na vali hulainishwa kwa grisi ya silikoni ya aina aliyoitaja mtengenezaji, tena kwa kiasi kidogo. Kujaza nako kufanywe polepole, ili joto lipate nafasi ya kutoka. Anayejaza kwa haraka ataona pia kwamba geji inashuka baada ya muda mfupi, ingawa hakuna mahali panapovuja. Ni hewa iliyopoa tu.

Hatari kubwa kuliko zote ni oksijeni. Katika karakana za kuchomelea vyuma kuna mitungi ya oksijeni yenye kanieneo kubwa, na mtu asiyejua huweza kufikiri kwamba, kwa kuwa oksijeni ni sehemu ya hewa, itafaa vilevile. Hilo ni kosa linaloweza kuua. Hewa ni takriban asilimia 21 tu ya oksijeni, na sehemu kubwa iliyobaki ni nitrojeni, ambayo hupunguza ukali wa moto. Katika oksijeni tupu iliyoshindiliwa, hata alama ndogo ya grisi, pete ya mpira, au chembe za chuma huwaka kwa ukali wa mlipuko. Gesi ziwakazo, kama asetilini na gesi ya kupikia, nazo hazifai hata kidogo. Bunduki hii hutiwa hewa safi na kavu, basi.

Neno "kavu" halikutajwa bure. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam hewa ina mvuke mwingi. Katika 30°C, meta moja ya ujazo ya hewa iliyojaa mvuke hubeba gramu 30 hivi za maji. Lita 40 tulizozishindilia zingebeba gramu 1.2. Lakini nafasi ya lita 0.2, katika halijoto hiyohiyo, inaweza kushika mvuke wa gramu 0.006 tu. Maji mengine yote hugeuka matone, na yasipokamatwa na chujio la pampu huingia mtungini. Baada ya kujaza mara nyingi, kutu hula chuma kutoka ndani, mahali ambapo jicho la mwenye bunduki halifiki. Hivyo kitone cha maji cha leo ndicho udhaifu wa chuma wa mwaka kesho.

Risasi ikishatoka

Risasi iendayo kwa meta 179 kwa sekunde hufika umbali wa meta 30 kwa sekunde 0.17 hivi, hata tukipuuza ukinzani wa hewa. Katika muda huo huwa imeanguka sentimeta 14 kutoka mstari ulionyooka, na ukinzani wa hewa huongeza kiasi hicho. Ndiyo sababu darubini ya bunduki hurekebishwa kwa umbali maalumu. Lakini anayekosa shabaha hapaswi kudhani kwamba risasi imetoweka. Huweza kwenda mamia ya meta, na ikigonga jiwe au chuma huruka upande. Nyuma ya shabaha sharti pawe na kizuizi imara, kama tuta la udongo au sanduku la kunasia risasi.

Jouli 16 zaonekana chache, lakini zimekusanyika katika ncha yenye upana wa nusu sentimeta. Risasi ya namna hiyo hupenya ngozi, hupofua jicho, na imewahi kuua watu. Kwa hiyo kanuni za silaha nyingine zote zinahusu hii pia. Ichukuliwe kuwa imejaa risasi siku zote. Mdomo wa mtutu usielekezwe kwa mtu wala mnyama usiyekusudia kumpiga. Kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka wakati wa kupiga. Macho yakingwe kwa miwani. Ihifadhiwe mahali pa kufungwa kwa ufunguo, bila risasi mtutuni, na risasi ziwekwe mbali nayo. Kuondoa kibebea risasi hakutoshi, kwani moja yaweza kuwa imekwisha kuingia mtutuni. Wala geji ikionyesha hewa kidogo si dalili ya usalama, maana hiyo kidogo hutosha kurusha risasi. Baada ya kulenga shabaha, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kwa kuwa risasi nyingi hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Serikali mbalimbali zimeweka mipaka kwa kutumia kipimo kilekile cha jouli tulichokitumia. Katika England na Wales, bunduki ya hewa yenye nguvu inayozidi futi-ratili 12, yaani jouli 16 na kitu, huhitaji hati maalumu ya kumiliki silaha. Scotland imedai leseni hata kwa nyingi zilizo chini ya hapo tangu mwisho wa mwaka 2016. Ujerumani imeweka mpaka wa jouli 7.5 kwa zile zinazonunuliwa bila kibali na watu wazima. Anayeishi kwingineko naye sharti aulize polisi wa nchi yake kabla ya kununua au kuingiza silaha hii, wala asitegemee maneno ya muuzaji.

Hitimisho

Mwanamke yule wa kisiwani katika mto Ohio aliponea chupuchupu. Bunduki haikuwa mbovu, na mwenyewe Lewis alikuwa ameitumia mara saba bila madhara. Kilichokosekana ni maarifa mikononi mwa yule aliyeipokea. Nishati haionyeshi sura yake. Mtungi uliojaa na mtungi mtupu hufanana kwa macho, na tofauti yao hujulikana kwa geji, kwa mizani, na kwa hesabu. Anayeijua hesabu hiyo hahitaji kutishwa ili awe mwangalifu, kwa maana kila kanuni ya usalama aijua sababu yake.

Kazi za darasani

1. Pimeni kwa mizani nyepesi mpira wa miguu uliojazwa vizuri, kisha fungueni vali mpaka hewa iache kutoka, mpime tena. Tofauti itakuwa gramu chache. Elezeni inatoka wapi.

2. Zibeni kwa kidole tundu la pampu ya baiskeli na mpampu kwa haraka mara kadhaa. Shikeni sehemu ya chini ya pampu. Elezeni joto limetoka wapi.

3. Mtungi wa lita 0.3 umejazwa hadi angahewa 250. Kwa sheria ya Boyle, una lita ngapi za hewa huru, na tungamo yake ni gramu ngapi?

4. Risasi ya mashindano ina tungamo ya gramu 0.53 na kasi ya meta 170 kwa sekunde. Tafuteni nishati mwendo yake.

5. Mtungi wa mzamiaji wenye ujazo wa lita 12 na kanieneo ya angahewa 200 umeunganishwa na mtungi wa bunduki wa lita 0.2 wenye angahewa 120. Halijoto isipobadilika, kanieneo ya mwisho itakuwa kiasi gani?

Majibu: (3) lita 75; gramu 90. (4) jouli 7.7 hivi. (5) angahewa 198.7 hivi.